Je, wajua kwa nini mji wa Livingstone, Zambia, haukubaki kwenye kivuko ulikozaliwa?

Mji wa Livingstone ulianzia kivukoni, lakini leo uko mbali na maji ya mto Zambezi. Uliondolewaje pale?

Kivuko chenyewe kiliitwa Old Drift, kilomita 9 hivi kabla mto haujafika kwenye Maporomoko ya Victoria. Pale ndipo pa mwisho kwa mtu anayetaka kuvuka salama. Ukiendelea kushuka unayakaribia maporomoko yenyewe, na chini yake kuna korongo lenye kina cha zaidi ya mita 100 ambalo hakuna mtumbwi utakaolivuka. Waleya, wenyeji wa eneo hilo waliokuwa chini ya mfalme Lewanika wa Walozi, waliujua mto huo vizuri kabla Mzungu yeyote hajafika na mizigo yake.

Wazungu walianza kuweka makazi hapo mwishoni mwa miaka ya 1890. Mwanzoni walivuka kwa mitumbwi ya magogo. Baadaye likaja boti la chuma lililopigwa kasia na Walozi wanane, na pia tishari lililovutwa kwa waya wa chuma kutoka ng'ambo moja hadi nyingine. Ni mikono ya hao Walozi iliyobeba biashara ya kwenda kaskazini, na inasikitisha kwamba historia imehifadhi majina ya wenye maduka na kuwasahau wapiga kasia.

Maduka yalijengwa karibu na mto, kwa kuwa mteja hushukia hapo. Lakini ukingo ule ni tambarare na una majimaji, na mbu walizaliana kwa wingi. Malaria na homa ya mkojo mweusi viliwaua walowezi wengi. Tayari mwaka 1897 daktari Ronald Ross alikuwa ameonyesha kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, kwa hiyo hatari ya kulala karibu na maji ilianza kueleweka. Serikali ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, iliyotawala eneo hilo wakati huo, ikachagua mwinuko wenye mchanga, mbali na mto, na kutaka watu wahamie huko.

Baadhi ya wafanyabiashara walikataa, maana kuhama kivuko ni kumwacha mteja. Kilichowashinda ni reli. Iliwasili kwenye maporomoko mwaka 1904, na tarehe 12 Septemba 1905 daraja la chuma lenye urefu wa mita 198 likafunguliwa juu ya korongo. Treni sasa ikavuka pale pale ambapo mtumbwi usingethubutu. Mizigo haikupita tena Old Drift, na pakabaki makaburi, ambayo leo yako ndani ya hifadhi ya Mosi-oa-Tunya.

Mji mpya kule mwinukoni ulipewa jina la Livingstone. Mwaka 1911 ukawa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), hadi yalipohamishiwa Lusaka mwaka 1935.