Paa la Mshazari wa Sea Ranch Halikuwa Pambo

Wengi huamini kwamba nyumba ya kisasa iliyochorwa na msanifu ni lazima iwe sanduku jeupe la zege na vioo, lisilojali mahali lilipo. Sea Ranch, makazi ya nyumba nyingi kwenye pwani ya mashambani kaskazini mwa California, Marekani, inaonyesha vinginevyo.

Lawrence Halprin, msanifu wa mandhari aliyepanga eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960, alianza na upepo. Upepo wa Bahari ya Pasifiki huvuma pale kwa nguvu, na wafugaji wa zamani walikwishapanda safu za misipresi kuukinga. Msanifu majengo Joseph Esherick alizibanza nyumba zake kwenye miti hiyo, mapaa yakiinama kuufuata mkondo wa upepo. Mapaa hayana hata upenu: ukingo unaotokeza nje ungeupa upepo pa kushika.

Jengo mashuhuri zaidi, Condominium One la 1965, lina makazi 10 na kuta za mbao za redwood zisizopakwa rangi, kwa mfano wa mabanda ya mashamba ya jirani. Vioo vipo, tena vikubwa. Ila bei za leo, kusema kweli, hazina ubanda wowote.