Jeli ya mwani kwenye reometa: namba sahihi, tafsiri potofu

Karagenani, kitu cha kugandishia, hutoka kwenye mwani unaolimwa Zanzibar kibiashara tangu 1989. Jeli yake ikiwekwa kwenye reometa, mashine ya kupima jinsi vitu laini vinavyonyumbuka na kutiririka, sahani ya juu huisukasuka polepole na mashine hutoa namba mbili: G′, kipimo cha nishati ambayo jeli huihifadhi na kuirudisha, na G″, kipimo cha ile inayopotea kama joto.

Dhana: G′ ikizidi G″, tayari ni jeli.
Si lazima. Myeyusho mzito wa polima (molekuli ndefu kama nyuzi), ambao nyuzi zake zimesokotana tu bila kufungana, nao hutoa G′ kubwa ukisukwa haraka. Punguza masafa (idadi ya misuko kwa sekunde), nyuzi zikapata muda wa kuponyoka, uone G″ ikipanda juu. Kwenye jeli halisi G′ hubaki karibu tambarare katika masafa mapana. Kipimo kimoja cha hezi 1 hakithibitishi kitu.

Dhana: mistari ya G′ na G″ kwenye grafu inapokatana, hapo ndipo jeli inapoanza.
Sehemu hiyo huhama ukibadilisha masafa. Watafiti Winter na Chambon walionyesha mwaka 1986 kwamba jeli huanza pale uwiano wa G″ kwa G′ unapokuwa uleule kwa masafa yote.

Dhana: G′ kubwa ndiyo jeli imara.
Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inaidhalilisha bidhaa nzuri. G′ hupimwa kwa mgeuko (kiasi ambacho jeli inapindwa) mdogo sana, kwa hiyo inaeleza ukakamavu tu. Haisemi jeli itavunjika lini. Mwani wa cottonii hutoa kapa-karagenani: ukiiongezea potasiamu inakakamaa, G′ inapaa, lakini ukiibonyeza inapasuka na kutoa maji. Mwani wa spinosum hutoa aiota-karagenani. Hiyo ikipata kalsiamu huwa laini, G′ yake ndogo, ila inanyumbuka, na hata ukiivuruga hujiunga tena. Kwa dawa ya meno, inayominywa kisha inatakiwa itulie juu ya mswaki, tabia hiyo ni mali. Anayepanga ubora kwa G′ peke yake ataiita dhaifu.

Dhana: mgeuko wa asilimia 1 unafaa kila jeli.
Jeli inayovunjika upesi huenda imeshaanza kuharibika hapo. Anza kwa kupandisha mgeuko hatua kwa hatua, utafute G′ inapoanza kushuka, kisha ufanye kazi chini ya hapo. Na ikishuka, usikimbilie kusema jeli imevunjika: maji yaliyojitenga huifanya iteleze kwenye sahani. Badilisha nafasi kati ya sahani. Majibu yakibadilika, ni utelezi. Tumia sahani zenye mikwaruzo.

Dhana: joto la kuganda ndilo la kuyeyuka.
Kapa huyeyuka nyuzijoto kama 10 hadi 20 juu ya joto ililogandia, aiota karibu palepale. Pima ikipoa na ikipashwa, na upake mafuta ukingoni maji yasikauke.