Je, wajua? Chokaa ina 2 kwenye fomula, mbona jina halina?

Pwani, mawe ya matumbawe huchomwa tanurini hadi yaive. Yakishapoa, yamwagie maji: yanachemka yenyewe, yanatoa mvuke, kisha yanapukutika kuwa unga mweupe. Unga huo ndio chokaa, na kwenye daftari la kemia unaitwa kalsiamu haidroksaidi, Ca(OH)₂. Ile 2 ya kwenye fomula, jina limeipeleka wapi?

Haina haja ya kutajwa. Kalsiamu ikiungana namna hii huachia elektroni mbili (chembe zenye chaji hasi), si moja wala tatu, ikabaki na chaji ya +2. Haidroksaidi, ile OH, ina −1. Chaji zote lazima zifutane, basi kalsiamu moja huchukua haidroksaidi mbili. Ni kama kumwambia kondakta "tuko wawili": nauli anaijua, jumla atapiga mwenyewe.

Mabano nayo si pambo. Ukiandika CaOH₂ umesema oksijeni moja na haidrojeni mbili, na alama ya mtihani imekwenda.

Kwenye jina, metali hutangulia, mwenzake hufuata akiwa amebadili mwisho wa jina: klorini huwa kloraidi, oksijeni huwa oksaidi. Chumvi ya mezani ni rahisi, +1 na −1, NaCl. (Hiyo Na ni sodiamu, natriamu ya Kilatini, jina lenye asili moja na la Ziwa Natron, lenye magadi yake.) Alumini ina +3, oksijeni −2, +3 mara mbili na −2 mara tatu zinakutana kwenye sita, hivyo Al₂O₃. Wengi tulifundishwa kuvusha namba za chaji tu, ya huku ishuke kule. Inafaa, mpaka ufike kwenye magnesiamu oksaidi uandike Mg₂O₂. Jibu ni MgO, kwa kuwa fomula hutaka uwiano mdogo kabisa.

Chuma ndicho kigeugeu: mara huachia elektroni mbili, mara tatu. Hapo jina tupu halitoshi, ndiyo maana tunasema chuma(II) kloraidi, FeCl₂, na chuma(III) kloraidi, FeCl₃. Namba hiyo ya Kirumi ni chaji, si idadi ya atomi. Chuma(III) oksaidi, iliyomo kwenye kutu, ni Fe₂O₃: chuma ni mbili, jina linasema tatu.

Kaboni na oksijeni zenyewe hazipeani elektroni, zinachangia, na chaji za kukuongoza hazipo. Kwa hiyo jina lazima lihesabu, "di" ni mbili na "mono" ni moja: kaboni dioksaidi, CO₂, ni ile ya mapovu ya soda, kaboni monoksaidi, CO, ni ile ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, inayoua watu usingizini.