Kipato cha mchezaji wa kikapu baada ya kustaafu: mfano wa Antoine Walker

Vijana wanaocheza mpira wa kikapu hapa Mwanza wanalijua jina la Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili mwaka 2009 katika drafti, yaani uteuzi wa kila mwaka wa wachezaji wapya, ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, na tunapowafundisha elimu ya fedha swali lao la kwanza huwa ni kiasi anacholipwa mchezaji wa ligi ile. Ni swali halali. Hata hivyo, mimi huwaomba watafute pia kiasi kinachobaki mkononi siku mchezaji anapostaafu, na hapo huwaeleza habari za Antoine Walker.

Walker, mzaliwa wa Chicago, aliingia NBA mwaka 1996 akiwa na Boston Celtics, akateuliwa mara tatu kucheza mechi ya nyota wa ligi hiyo, na mwaka 2006 akatwaa ubingwa na Miami Heat. Katika misimu 12 alilipwa mishahara ya zaidi ya dola milioni 108. Mwezi Mei 2010, miaka miwili tu baada ya msimu wake wa mwisho katika ligi hiyo, aliomba mahakama imtangaze mufilisi, akiwa na mali ya takriban dola milioni 4.3 na madeni ya takriban dola milioni 12.7.

Zile dola milioni 108 hazikuwa zote zake tangu mwanzo. Kodi ya shirikisho nchini Marekani ilichukua zaidi ya theluthi ya sehemu kubwa ya mshahara wa kiwango kile, majimbo mengi hutoza kodi yao hata kwa mgeni anayecheza mechi moja tu, na wakala huruhusiwa kuchukua hadi asilimia 4.

Watu hupenda kuzungumzia magari yake, kamari na msururu wa ndugu na marafiki aliowatunza. Hayo yalikuwepo, naye mwenyewe ameyakiri. Kwa maoni yangu, hata hivyo, pigo lililostahili kusomwa kwa makini zaidi ni dhamana. Aliwekeza katika nyumba za kupangisha jijini Chicago, akasaini mikopo kama mdhamini binafsi, hivyo soko la nyumba lilipoporomoka mwaka 2008 wakopeshaji hawakuishia kwenye majengo, bali walimfuata yeye mwenyewe na mali zake. Aliyewahi kumdhamini mwenzake kwenye kikundi cha kukopeshana, kisha akaona makochi yake yakibebwa, anaelewa uzito wa saini hiyo. Walker aliuza hata pete yake ya ubingwa.

Wavuvi wa dagaa wa Kirumba wanaijua hesabu ya msimu, kwa kuwa mbalamwezi inapowaka, taa zao hazivuti dagaa, na nyumba hula kilichopatikana wakati wa giza. Mchezaji wa kikapu ana giza moja tu maishani, la miaka michache, likifuatiwa na miaka 40 au zaidi ya mbalamwezi. Ndiyo maana NBA ina mfuko wa pensheni kwa mchezaji aliyetimiza angalau misimu mitatu, na ndiyo maana nawasihi wavuvi na wachezaji wa hapa, ambao hawana mwajiri wa kuwakata mshahara, wajiandikishe wenyewe NSSF kama wachangiaji wa hiari na wachangie katika miezi ya mavuno.

Walker alimalizana na shauri lake la ufilisi mwaka 2013, na tangu hapo amekuwa akiwafundisha wanamichezo vijana namna ya kutunza fedha.