Mgonjwa wa akili naye aulizwe anataka kuishi wapi

Kauli ya "huyu hajui anachotaka, sisi ndio tutampangia" nimeisikia mpaka imenichosha jamani. Ndugu wanakuja kumchukua mtu wao Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, wanajadili akaishi wapi, mwenyewe yupo hapo hapo kwenye benchi na hakuna hata anayemgeukia.

Skizofrenia (ule ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo) au baipola (hali kupanda na kushuka kupita kiasi) haifuti kila uamuzi. Mtu anaweza kuwa bado anasikia sauti na akakwambia vizuri tu kuwa hataki kulala chumba kimoja na shemeji yake. Uwezo wa kuamua unaangaliwa kwa jambo lenyewe na kwa wakati huo, kama leo hali imechafuka subiri atulie umuulize tena, sio umfute moja kwa moja. Na wala sio hisani, Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 19 kinampa mtu, hata mwenye ugonjwa wa akili wa muda mrefu, haki ya kuchagua aishi wapi na nani.

Kuna dada alipangiwa chumba Chang'ombe kwa vile kodi ilikuwa ndogo, kumbe ukuta wa pili ni baa. Angeulizwa angesema, maana anajijua, akikosa usingizi siku mbili tatu mania, yaani ule msisimko wa kupita kiasi wa baipola, inaanza kunyemelea. Walishalipa miezi sita, dalali kachukua chake, dada akarudi wodini kodi haijaisha. Halafu eti dawa hazifanyi kazi!

Ndio maana nasisitiza, kabla hamjalipa mpelekeni akakione chumba USIKU, sio saa nne asubuhi na dalali anachekacheka. Asikie kelele, aone choo, ajue ni umbali gani mpaka anakochoma sindano yake ya mwezi.

Najua mtanijibu: "Apone kabisa kwanza ndio apewe chumba." Hapana. New York walianza mwaka 1992 kuwapa nyumba wagonjwa waliokuwa wanalala mitaani bila kuwashurutisha matibabu kwanza, na wengi walidumu humo.

"Arudi tu kijijini." Kama mwenyewe anataka na dawa zinapatikana, sawa. Kama mnamficha watu wasimuone, hapo mnajisaidia nyie.

"Kumshirikisha ni kumwachia kila kitu." Nani kasema? Hela ni yenu, semeni mna kiasi gani, tafuteni vyumba viwili vitatu achague.

"Mwenye nyumba lazima aambiwe ugonjwa." Hata hilo muulizeni yeye, ni siri yake. Akikubali, mwenye nyumba apewe namba ya ndugu wa kumpigia mapema, asingoje mpaka aite polisi.