Mafuta hayajafichwa: ninayoyasikia kila msimu wa vimbunga

"Kaka, mafuta yapo. Wameyaficha tu." Kauli hiyo nimeambiwa kwa Kiswahili cha Bukavu, cha Mombasa na cha Mwanza, na kila mara anayeniambia anaamini ananifungua macho. Kazi yangu ni kupanga safari za malori ya mafuta hapa Houston, Texas: lipi lipakie depo gani, lishushe kituo gani, dereva gani amemaliza saa zake za kuendesha. Wateja wangu ni wenye vituo vya mafuta, wenye mabasi, nyumba za kulelea wazee. Wengine si wateja hata kidogo. Ni majirani na watu wa kanisani wanaopiga simu pindi televisheni inapoonyesha duara jeupe likizunguka Ghuba ya Mexico. Msimu mpya uko mlangoni na simu zimeshaanza, kwa hiyo acha niyaandike yote mahali pamoja.

Dhana: "Mafuta yapo, wenye vituo wameyaficha ili wauze ghali"

Hii inanichosha kuliko zote kwa sababu nusu yake ni kweli. Mafuta yapo. Ila yapo mahali ambapo hayawezi kuingia kwenye gari lako.

Fuata safari yake. Mafuta ghafi yanatoka kisimani, yanaingia kiwandani, yanasafishwa kuwa petroli na dizeli, yanasukumwa kwenye bomba hadi depo, lori linapakia, linashusha kituoni, na pampu inayavuta kutoka kwenye tangi lililofukiwa ardhini. Karibu kila hatua hapo inataka umeme. Hatua moja ikisimama, nyuma yake kunajaa na mbele yake kunakauka.

Kimbunga Katrina kilipopiga Louisiana, Agosti 29, 2005, uchimbaji katika Ghuba ulisimama karibu wote na viwanda kadhaa vya kusafisha vikafungwa. Lakini watu wa majimbo ya Georgia na Carolina, walio mbali kabisa na maji yale, walikaukiwa kwa sababu nyingine: mabomba mawili makubwa yanayowalisha, Colonial na Plantation, yalisimama kwa kuwa vituo vya kuyasukumia havikuwa na umeme. Wastani wa bei nchi nzima ulikuwa dola 2.61 kwa galoni siku Katrina ilipofika. Wiki moja baadaye, Septemba 5, ulikuwa dola 3.07. Shirika la Kimataifa la Nishati likakubaliana na nchi wanachama kutoa mapipa milioni 60 kutoka akiba zao, na meli za petroli zikavuka Atlantiki kutoka Ulaya. Kama tatizo lingekuwa wauzaji wa vituoni kuficha, hakuna serikali ambayo ingefungua akiba yake.

Hapo mtu hunijibu, "Basi ni visima vimezama." Hapana pia, na kwa hili Kimbunga Harvey cha mwaka 2017 ndicho mwalimu wangu. Maji yalipoifunika Houston na miji ya viwanda iliyo mashariki yake, karibu robo ya uwezo wote wa Marekani wa kusafisha mafuta ilisimama, pamoja na kiwanda cha Port Arthur, kikubwa kuliko vyote nchini. Bei ya petroli ikapanda kutoka dola 2.40 hadi 2.68 kwa galoni ndani ya wiki. Wiki hiyohiyo mafuta ghafi yalishuka bei, hadi karibu dola 46 kwa pipa. Aliyekulia kijijini ataelewa upesi: mashine zote za kusaga zikiharibika, mahindi yanashuka bei na unga unapanda. Mahindi hayana wa kuyanunua. Unga hauna wa kuusaga.

Na mashine hizi haziwashwi kama jiko la gesi. Kiwanda cha kusafisha mafuta huzimwa taratibu kabla dhoruba haijafika, kwa sababu kukizima ghafla kukiwa na moto na mgandamizo ule ni kuomba mlipuko. Kukiwasha tena ni kazi ya siku nyingi, pengine wiki, kila mtambo ukikaguliwa. Kisha petroli iingie kwenye bomba, ambamo husafiri kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Kutoka Houston hadi bandari ya New York ni kama siku 18. Ukisikia kwenye taarifa kwamba "viwanda vimewashwa", usikimbilie kituoni jioni ileile kudai bei ishuke.

Halafu wapo wanaoukausha mji kwa mikono yao wenyewe. Dallas haikupigwa na Harvey. Hata hivyo, mwisho wa Agosti 2017 watu wa Dallas walipanga foleni usiku, vituo vikakauka kimoja baada ya kingine, huku wasimamizi wa mafuta wa jimbo wakirudia kwamba mafuta ya kutosha yapo. Chukua kalamu. Lori langu moja linabeba kama lita 32,000. Magari 1,000 yenye nusu tangi, kila moja likiongeza lita 30 "kwa tahadhari", yamekaribia kulimaliza lori lote, na hakuna hata moja lililokuwa na shida. Mafuta yamehama kutoka tangi la kituo kwenda matangi ya watu, yamelala kwenye maegesho, na nesi wa zamu ya usiku mwenye robo tangi hana pa kuyapata.

Tukio moja la Julai 2024 haliniondoki. Kimbunga Beryl kilikuwa daraja la 1 tu, la chini kabisa kati ya matano, lakini kiliacha zaidi ya wateja milioni 2 bila umeme, wengi wao hapa Houston. Nilifika na dereva wangu kwenye kituo kimoja ambacho tulikishushia mzigo siku mbili kabla ya dhoruba. Kiza. Mbele ya mlango watu kama ishirini, jua la saa nane, wanampigia kelele kijana wa zamu. Akatoka, akafungua kifuniko cha tangi pale chini, akatumbukiza kile kijiti kirefu cha kupimia, akakivuta juu kikiwa kimelowa hadi karibu na mkono wake. Akawaonyesha. "Haya hapa. Nipeni umeme niwauzie." Sauti kutoka nyuma ikasema, "Mmeona? Nimewaambia ameyaficha!" Kijana alikifuta kijiti kwa kitambaa polepole, hakujibu. Kituo kile hakikuwa na jenereta, na pampu isiyo na umeme haivuti kitu.

Kuhusu bei: mwenye kituo hapangi bei kwa mafuta aliyonayo chini. Anapanga kwa mzigo atakaonunua kesho, kwa sababu asipokusanya fedha za kuununua, kesho hana biashara. Unaweza usipende, ila si wizi. Wizi upo, nao una sheria. Jimbo la Texas likishatangaza maafa, kupandisha bei ya mafuta, chakula au dawa kupita kiasi ni kosa, na faini inaweza kufika dola 10,000 kwa kila kosa. Piga picha bango la bei, tunza risiti, peleka malalamiko ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Kulalamika kwenye kundi la WhatsApp hakumrudishi mlanguzi nyuma hata senti moja.

Ushauri wangu ni uleule ambao wanangu wameuchoka: kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, mshale wa mafuta usishuke chini ya nusu. Jaza Jumatano isiyo na habari yoyote. Ukisubiri jina la kimbunga litajwe, umeshachelewa, na unakuwa sehemu ya foleni.

Dhana: "Kimbunga kikitajwa, wote tukimbie"

Septemba 2005, wiki tatu tu baada ya Katrina, Kimbunga Rita kilionekana kuelekea Houston. Picha za New Orleans, mji wa Louisiana uliozama baada ya Katrina, zilikuwa bado machoni mwa kila mtu, kwa hiyo mji ukatoka wote kwa pamoja: zaidi ya watu milioni 2 barabarani. Safari ya saa nne ikachukua siku nzima na usiku wake. Magari yaliishiwa mafuta yakiwa kwenye foleni, injini zikichemka, viyoyozi vimezimwa ili kubana petroli, joto likikaribia nyuzi 38. Basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kulelea liliungua karibu na Dallas, wakafa 23. Waliokufa katika safari ile ya kukimbia walipita 100, wengi kuliko waliouawa na upepo na maji ya Rita yenyewe. Na sehemu kubwa ya waliokimbia hawakuwa wakikaa kwenye maeneo yaliyotakiwa kuhama.

Anayetakiwa kuhama ni yule ambaye bahari itamfuata nyumbani, na maeneo hayo yamepangwa kwa namba za posta. Jua yako leo. Kama unakaa ndani zaidi, kwenye nyumba imara isiyo bondeni, ukibaki unamwachia njia mtu wa Galveston, kule pwani.

Dhana: "Waliobaki New Orleans walikuwa wabishi"

Sipendi kabisa kuisikia hii, hasa kutoka kwa mtu ambaye mwenyewe aliwahi kukimbia vita. Zaidi ya robo ya kaya za New Orleans hazikuwa na gari. Amri ya kuhama ilitolewa Jumapili, Agosti 28, saa chini ya 24 kabla kimbunga hakijafika, na ilikuwa mwisho wa mwezi. Mwenye kuishi kwa hundi inayoingia tarehe moja, tarehe 28 mfuko wake ni mtupu. Hana nauli, hana fedha za mafuta wala za chumba cha hoteli. Na hata waliobaki, upepo haukuwashinda. Kuta za mifereji, zilizojengwa na wahandisi wa jeshi, zilianguka, asilimia 80 ya mji ikaingia maji, na mwaka uliofuata wahandisi hao walikiri kwamba usanifu wao ulikuwa na kasoro.

Ndiyo maana kila mwaka nauliza kanisani kwetu swali moja: nani hana gari, na nani atampitia? Orodha hiyo, yenye majina na namba za simu, ina thamani kuliko maboksi yote ya maji ya chupa.

Dhana: "Tukusanye nguo tupeleke"

Tafadhali, msikusanye nguo. Mtu ambaye nyumba yake imelowa hadi dari hana pa kutundika koti. Maboksi yenu yanahitaji ghala, watu wa kuyachambua, na lori, na lori linataka dizeli, na dizeli ya siku za kwanza ina wenyewe: hospitali, magari ya wagonjwa, mafundi wa umeme, pampu za maji. Hata serikali hujikwaa hapo. Baada ya Katrina, malori ya barafu iliyonunuliwa kwa ajili ya waathirika yalizungushwa majimbo kadhaa, na sehemu ya barafu hiyo ikaishia kwenye ghala la baridi katika jimbo la Maine, linalopakana na Kanada. Changeni fedha, mpeni mtu aliye palepale anayejua duka gani limefungua. Harambee tunaijua sana sisi. Tusiigeuze kuwa mtumba.

Dhana: "Ni daraja la 1 tu"

Daraja linapima upepo, basi. Allison ya mwaka 2001 haikufikia hata kuwa kimbunga kamili, ikafurika Houston hadi vyumba vya chini vya hospitali zetu kubwa. Harvey ilikuwa imeshuka kuwa dhoruba ya kawaida ya kitropiki ilipotuzamisha. Uliza maji yatafika wapi, usiulize namba.

Dhana: "Kimbunga cha kwenu huko ndicho kimetupandishia bei Dar leo"

Leo, hapana. Afrika Mashariki inanunua mafuta yaliyokwisha kusafishwa; kiwanda cha Mombasa kilisimama mwaka 2013, na kiwanda cha TIPER cha Dar kiliacha kusafisha kabla ya hapo. EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya, mamlaka zinazodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo mara moja kwa mwezi, kwa kuangalia mizigo iliyokwisha kununuliwa, mingi ikitoka upande wa Ghuba ya Uarabuni. Viwanda vya Texas vikilala muda mrefu, petroli ya dunia inavutwa Marekani na soko lote linapanda, na hapo nanyi mtaisikia, ila baadaye. Anayekupandishia bei siku ileile uliyoona kimbunga kwenye televisheni, muulize vizuri.

Dhana: "Nimeweka akiba ndani, niko salama"

Mwaka jana kijana mmoja, mgeni hapa, alinikaribisha chai, akanionyesha akiba yake kwa fahari. Akafungua kabati la ukutani. Ndani, galoni sita za plastiki za maji ya kunywa, zimejaa petroli, moja imeanza kuvimba ubavuni. Hatua moja pembeni, kwenye kabati hilohilo, mtungi wa kuchemshia maji wa gesi, na ule moto wake mdogo wa buluu unawaka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Juu yake walikuwa wanalala watoto wa jirani.

Nilizima gesi, tukafungua madirisha, tukatoa galoni moja moja hadi nje. Huko nikazimimina kwenye madumu mekundu ya mafuta niliyokuwa nayo garini, tukayapeleka kituo cha kaunti kinachopokea taka za hatari, maana petroli yenyewe ilikuwa imekaa tangu mwaka uliotangulia. Njiani nikamwambia na habari ya jenereta: isiwashwe ndani wala gereji, hata mlango ukiwa wazi, kwa sababu moshi wake unaua mtu akiwa usingizini. Tulipokuwa tukirudi nikamuuliza gari lake lina mafuta kiasi gani. Robo tangi. Tukalichukua, tukaingia kituo cha kwanza kilichotukaribia. Ilikuwa Jumatano, pampu zote nane ziko wazi, hakuna foleni, akajaza.