Vituo 42 vya jangwani: Origenes na sura ambayo wengi huiruka

Kila Januari wanafunzi wangu wa historia ya Kanisa huanza kusoma Biblia kwa ratiba ya mwaka mzima, na kila mara wengi hukwamia Hesabu. Mwanzo huisoma kwa hamu, Kutoka hujikongoja nayo. Wakikutana na orodha za koo na vituo vya jangwani, wanafunika kitabu. Huwa nawaambia kwamba hata Origenes, mwalimu wa Kanisa la kale aliyezaliwa Aleksandria yapata mwaka 185, aliwaona waumini wa aina hiyo alipokuwa akihubiri Kaisaria ya Palestina. Akisomewa Injili au Zaburi, muumini hupokea kwa furaha. Akisomewa Hesabu, hutema.

Hakuwakaripia. Mtoto hunywa maziwa, na maziwa ni chakula halali. Ila hakukubali kwamba Roho Mtakatifu aliandikisha ukurasa wa bure, kwa hiyo katika homilia (mahubiri) yake ya 27 juu ya Hesabu akachukua sura kavu kuliko zote, ya 33, yenye vituo 42 tangu Misri hadi mto Yordani. Akailinganisha na vizazi 42 vya ukoo wa Yesu katika Mathayo 1: Kristo alishuka kwetu kwa hatua hizo, nasi twapanda kumfuata kwa hatua hizo hizo.

Safari inaanzia Ramesesi. Origenes anasoma ndani ya jina hilo msukosuko wa nondo, wale wanaokula hazina tulizojiwekea duniani. Kituo kinachofuata ni Sukothi, yaani mahema. Kwake hatua ya kwanza ya kukua kiroho ni hiyo: kutoka penye nondo, na kukubali kuishi kama msafiri. (Tafsiri zake za majina mara nyingi hazisimami mbele ya mtaalamu wa Kiebrania. Mimi namsoma kwa sababu ya jinsi anavyomjua mwanadamu.)

Ninapokaa zaidi ni Mara, penye maji machungu. Baada yake ndipo Elimu, na msomaji wa Kiswahili asidhani ni elimu ya darasani. Ni jina la mahali penye chemchemi 12 na mitende 70, ambamo Origenes anawaona mitume 12 na wale wanafunzi 70 wa Bwana. Anasema wazi kuwa hungefika kwenye mitende bila kupitia uchungu. Wala Elimu si mwisho: Israeli walipumzika, wakang'oa mahema. Muumini anayetaka kuhamia moja kwa moja kwenye kivuli cha mitende, au akishafika asitoke tena, hajaielewa orodha hii.

Aliyesema hayo alikuwa amempoteza baba yake, Leonidas, aliyeuawa kwa ajili ya imani mwaka 202, na baadaye yeye mwenyewe akateswa gerezani wakati wa Decius, Kaisari wa Roma.

Kigiriki chake cha homilia hizi karibu chote kimepotea. Tunazo kwa Kilatini cha Rufino wa Akwileya, aliyezifasiri akiwa Sisilia, amekimbia jeshi la Alariki, mfalme wa Wagothi. Katika dibaji anaeleza kwamba waliuona mji wa Regio, kusini mwa Italia, ukiteketea ng'ambo, na kinga yao ilikuwa ule mlango mwembamba wa bahari tu. Mkimbizi huyo aliendelea kuandika, hema kwa hema, hadi Yordani.